Matoke Hufunikwa kwa Majani

Zaina mjukuu wangu,

Nani alikufundisha kufunika matoke kwa kaveera, mfuko wa plastiki, na migomba imejaa nyuma ya nyumba? Na mtoto ndiyo kwanza anaanza kula! Leo nimekula kwa mama mmoja muuza chakula hapa sokoni Owino. Naye alikuwa mvivu kama wewe.

"Jajja, bibi yangu, niliacha," akaniambia. "Ile mifuko ikichemka inatoa chembe zisizoonekana. Tunazila sisi, na tukiitupa, samaki wa ziwani wanazila."

Sasa anafunika kwa majani ya mgomba, na wateja wamejaa mpaka njiani. Nimemaliza sahani mbili. Matoke yake yalinukia kama ya marehemu mama yangu. Basi hata wewe utapona uvivu.

Nibusie kitukuu changu. Na kabla hujampa kijiko kingine, chukua kisu ukakate majani.