Fahali wa Mjomba

Mjukuu wangu Minza,

Natangaza rasmi kwa taifa zima: kuku wa bibi yako ameangua vifaranga. Sisi wengine tu wazima.

Unauliza maana ya kifungu cha utenganifu kwenye mkataba wako wa kazi. Kinasema sharti moja likibatilika, mengine yanabaki na nguvu.

Kwetu kilianzia Nkoma, nyumbani kwa kina bibi yako, siku ya kupeleka mahari. Fahali mwekundu tuliyemwahidi baba mkwe, mjomba wangu akadai ni wake, hatolewi. Nikajua ndoa imekwisha.

Huwa nasimulia kwamba nilijitetea kiume. Ukweli ni kwamba nilijibanza nyuma ya zizi. Bibi yako ndiye aliyetoka jikoni akasema, “Baba, mfute fahali. Mimi usinifute.”

Guku wako, yaani babu,
Bariadi