Babu Amekwama Kwenye Kiti cha Mtoto

Baba Mtoto,

Usiondoe gari. Baba yako yumo ndani, amekwama kwenye kiti cha mtoto. Gari liko kivulini, milango iko wazi.

Asubuhi nilikuta kile kiti ulichofunga jana kinatazama mbele, tena kinacheza kama jino bovu. Nikakigeuza kitazame nyuma, nikakaza mkanda mpaka kikatulia tuli. Baba mkwe akabisha, akajipenyeza mwenyewe akijaribu. Nyonga zikagoma kutoka. Mimi mkwe, nitamvutaje kiunoni?

Mpe chai kwa kikombe cha mtoto. ~~Mwite fundi akate kiti.~~ Kiti usikiguse! Mpake mzee mafuta.

Mimi na mwanetu tumekwenda kliniki kwa miguu. Babu amekubali kiti hakitikisiki, ila bado anadai kigeuzwe, haoni barabara.

Mkeo, tangu asubuhi mama wa watoto wawili