Vidole Begani kwa Mama

Pasiansi, Mwanza

Dada Dorotea,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima huko Geita. Sisi tunaendelea vizuri. Mama goti linamsumbua kidogo, lakini kanisani anafika. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Bado niko studio kwa Bwana Sachin. Kazi imekuwa nyepesi. Zamani nilimzunguka mtu nukta kwa nukta ili kumtenga na ukuta wa nyuma, nusu saa kwa picha moja. Siku hizi simgusi mtu. Nabonyeza ukuta mara moja, kompyuta inachagua rangi yote inayofanana, kisha naamuru igeuze: kilichoachwa ndicho kichaguliwe. Nywele namalizia kwa brashi. Juzi nilimaliza picha za vitambulisho za wanafunzi mia na arobaini kabla ya saa sita. Bwana Sachin alisema niwafundishe wenzangu.

Jumatatu alikuja Mzee Mashimba wa Buswelu na picha ya familia. Akaniagiza nimtoe mwanawe wa kwanza, kwamba amemkosea. Nikamwomba alifikirie kwanza hadi kesho yake. Akakasirika, akaniambia nalipwa kutoa watu, si kuwashauri. Nilimrudishia picha yake.

Dada, picha iliyokuwa sebuleni kwa Mama, ile ya kipaimara cha mdogo wetu Pius, ni mimi niliyekutoa. Mama hakuniagiza. Siku ile ulisema mbele ya wageni kwamba nilifeli kidato cha nne kwa uvivu, nami nikaweka kinyongo. Ilinichukua dakika tatu. Vidole vyako vinne vilibaki begani kwa Mama, nikavifunika kwa kipande cha kitenge chake. Alipouliza uko wapi, nikamjibu kwamba wewe mwenyewe uliomba utolewe. Ulipokuja Krismasi ukaiona ukutani, ukaondoka bila kula, nilikuwa jikoni na nikanyamaza. Miaka miwili sasa kila mmoja wenu anadhani amekataliwa na mwenzake.

Jana nilimweleza Mama yote. Hakunifokea. Aliishusha picha ile mwenyewe, akaniambia niandike, nisimtume mtu kunisemea. Ya asili ninayo. Nakala yako iko ndani ya bahasha hii.

Sikuombi unisamehe upesi. Mama ndiye asiye na kosa.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama anasema Jumamosi atapika samaki, sato wa kukutosha, uje usije.

Mdogo wako,
Gladness