Bashrafu Yenye Kelele za Wanawake

Baba yangu,

Eda ya Mama imekwisha Alhamisi. Ameoga, amevaa nguo ya rangi, na neno lake la kwanza halikuwa la chakula wala la wageni. "Nnaitaka ile tepu."

Unaijua. Uliirekodi Unguja, kwenye taarabu ya arusi ya Shangazi, ukaifungia sandukuni na kutukataza hata kuigusa. "Imeharibika, imejaa domo la wanawake." Kosa lilikuwa lako, Baba, uniwie radhi. Nani alikutuma uitegeshe mashine upande wa wanawake, eti vijana wasiipige kumbo? Ukasikiliza mwanzo tu, ukazima, ukanuna. Na hiyo ndiyo sauti pekee ya fidla yako tuliyobaki nayo.

Maskati imebadilika tangu utuache. Lango la mji halifungwi tena usiku, na redio zinaimba madukani bila mtu kujificha. Ila kwetu nyumba ilikuwa kimya mpaka eda iishe, nami nikiliangalia lile sanduku nikihofia joto la hapa limeshaila tepu. Mume wangu akaazima mashine kazini kwao. Akaahidi kuvikata kwa mkasi vipande vya tepu vyenye kelele, ibaki fidla tupu.

Kelele zipo kweli! Vikuku, watoto, mtu anaulizia sambusa. Halafu kwa mbali nyuzi za kanuni zinaanza, za udi zinafuata, na wewe unaingia. Baba, sikujua. Nilizoea kukusikia ukifanya mazoezi barazani, kipande kile kile, mpaka tunachoka. Bashrafu nzima sikuwahi kuisikia kwa makini. Ni kibao cha kufungulia tu, hakina maneno, na watu hukipigia soga wakimngoja mwimbaji. Wenzako wanakimbia, wewe huna haraka. Unauvuta uta mpaka nadhani umeishiwa, kisha unageuza, na wote wanarudi kukufuata. Nilijivuna mpaka nikalia.

Kisha, mbele kidogo ya pale ulipozima kwa hasira zako, mwanamke anakemea, karibu kabisa na maikrofoni: "Hebu nyamazeni nyie! Mie nnamsikiliza mume wangu."

Wakanyamaza. Kuanzia hapo ni fidla yako, safi, mpaka vigelegele vya mwisho.

Mama alijifunika uso kwa kanga. "Hakufika hapa," alisema. "Miaka yote ile, hakufika hapa." Tukairudisha tepu nyuma, akasikiliza tena, na mara hii alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Mume wangu nimemwambia mkasi auweke. Nakuahidi, maadamu nipo hai, hakikatwi kitu humo, hata yule wa sambusa. Wanangu watakusikia hivyo hivyo.

Kwaheri, Baba. Mungu akupe raha huko uliko. Kaburini siwezi kukuletea mashine, ndiyo maana nakuandikia ujue: mkeo alikunyamazishia arusi nzima.

Mwanao,
Zuwena