Soksi za Alhamisi Kuu

Nkoma, Mbale
Ijumaa Kuu, 30 Machi 1956

Baba Athieno,

Amani ya Kristo iwe nawe huko Jinja. Sisi hatujambo. Athieno ameacha kukohoa, na kuku mwekundu tunamweka kwa ajili ya Pasaka.

Jana jioni Padre aliosha miguu ya wanaume kumi na wawili mbele ya altare, jambo ambalo hatujawahi kuliona hapa. Mzee mmoja aliugua, mdogo wako Gaster akaitwa ghafla ashike nafasi yake. Tangu arudi kutoka kwako mwanzo wa Kwaresima, anasema u mzima, ila kazi yako ya uaskari wa gereza haikupi nafasi ya kuandika. Alipovua viatu, nikaona soksi nilizokufumia, zile ulizosema hutampa mtu. Padre akambusu mguu. Gaster alikuwa ananitazama mimi.

Nyumbani akasema, "Shemeji, alinipa mwenyewe. Andika barua, nitampelekea."

Nimempa barua nyingine, ya kuku na kikohozi tu. Hii nampa Padre, aifikishe kwa mkubwa wako wa kazi. Afande, kama ni wewe unayeisoma, niambie mume wangu yuko wapi.

Mkeo,
Janepher