Bati Juu ya Nyasi

Tabora, Agosti, mwaka wa arobaini tangu nitoke Newala.

Mjukuu wangu Asha, marahaba. Bibi yako hajambo, anapalilia mchicha. Unauliza utabadilishaje aina ya data ya safu moja, kwenye jedwali ambalo hospitali inaliandikia usiku na mchana, bila kulifunga.

Nilipokuwa mtoto kule Newala, paa letu la nyasi lilivuja, na bibi yangu mzaa baba, mgonjwa, asingestahimili kulala nje. Baba akasimika nguzo kando ya kuta, akaezeka bati polepole juu ya nyasi, bibi akisinzia chini yake. Siku ya kuzishusha nyasi tulimbeba hadi uani, akapewa uji.

“Baba Saidi, tayari? Uji wenyewe haujapoa!” bibi alimwambia Baba, akimwita kwa jina langu, alipoona tunamrudisha ndani.

Nawe weka safu mpya kando ya ile ya zamani. Ihamishie data kidogo kidogo, na kila kinachoingia kiandikwe kote kuwili. Safu zote mbili zikilingana, badilisha majina, mpya ichukue jina la zamani. Hapo tu ndipo watu wa hospitali watasubiri kidogo.

Mvua ya Newala bado naisikia usingizini. Lakini sitarudi; kwetu sasa ni hapa Tabora.