Saa Yetu ya Bwawani

Jumapili, 5 Machi 2006

Baridi ya nchi hii ya Wazungu, ya kukata masikio. Mama kaamka kabla yangu, kama kila Jumapili. Nimemkuta kishakaa kitandani, begi la taulo mapajani. Kumvisha. Kumshusha ngazi. Kumtia kwenye teksi. Mgongo wangu wee acha tu.

Kwenye bwawa la kuogelea Mama katembea. Maji ya kifuani, mkono kwenye chuma cha ukutani, anakwenda na kurudi. Nchi kavu mguu wa kushoto ni gogo tangu kiharusi kile. Majini unamtii. Wanjiru ndiye aliyetuonesha, mwaka jana. Ni Mkenya, muuguzi, huja kuogelea zake tu saa hiyo ya Jumapili tuliyotengewa wanawake, lakini akimwona Mama huacha yake na kuja kusimama nyuma yake. "Shosho, kushoto. Sasa kulia." Shosho kwao ni bibi. Mama hucheka sana akiitwa hivyo. Wiki nzima namwona Mama akisimama kwa miguu yake saa moja tu, ndiyo hiyo.

Mlangoni wamebandika karatasi. Saa ya wanawake inafutwa mwisho wa mwezi. Sababu haikuandikwa. Nimeisoma mara mbili, sijamwambia Mama. Wifi Rukia naye kaisoma. Macho yalimng'aa kama kaletewa zawadi. Sikuipenda furaha ile hata kidogo.

Jumatatu, 6 Machi

Rukia kapiga simu kabla sijavua koti la kazini. Wametuchokoza, wifi, wametuchokoza. Kila neno mara mbili. Ni dada mkubwa wa mume wangu na ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha wanawake, kwa hiyo nyumbani simjibu na chamani simjibu. Nimeweka simu mezani nikamenya vitunguu. Aliendelea peke yake mpaka nikamaliza.

Jumatano, 8 Machi

Wanjiru kafanya jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyelifikiria. Kaenda kumuuliza meneja.

Habari yenyewe ni hii. Yule msichana anayekaa juu ya kiti kirefu kuangalia watu wasizame anaolewa, anahamia Wales. Mlinzi wa kike ni yeye peke yake. Saa ya wanawake mlinzi mwanamme hawezi kuwekwa, sisi wenyewe tulikataa, na bila mlinzi bwawa halifunguliwi. Akipatikana mwanamke mmoja, hata kutoka kwetu, watamfundisha bure, saa inabaki. Basi. Hakuna anayetuchukia.

Nimempigia Rukia nikiwa na furaha mpaka nacheka. Kaniacha nimalize. Halafu: "Na wewe umeamini, wifi?" Nikamwambia kamuulize mwenyewe. Kasema keshamuuliza, tangu jana.

Anajua! Anajua kila kitu. Msichana kuolewa hakujazi ukumbi, ndiyo shida yake.

Jumamosi, 11 Machi

Khitma ya marehemu Bi Fatuma, kwenye ukumbi wa juu ya duka, Soho Road. Biriani haijapoa Rukia kashasimama. Mtu kafiwa, watu wana misahafu mikononi, yeye anasimama!

Ana kipaji, sikatai. Kaanza chinichini, karibu alie. Leo wanatunyang'anya bwawa. Kesho madrasa. Keshokutwa watoto. Akapandisha sauti. Wanawake wakaanza kutoa hanjifu. Mpaka yule bibi wa Pemba ambaye hajawahi kukanyaga bwawani analia kwa kwikwi.

Kisha kaninyooshea kidole. Wifi yangu huyu hapa, mama yake mgonjwa, maji ndiyo dawa yake, na hawa wanataka afe. Wakaja kunikumbatia. Nimekumbatiwa na watu wasionijua jina, nami nimekakamaa kama ubao.  Angekuwa hajui ningemsamehe.

Mfiwa kabaki peke yake pembeni na sahani yake.

Jumapili, 12 Machi

Mabango. Rukia kaleta mabango mpaka mlangoni pa bwawa, na mpiga picha wa gazeti juu ya hayo. Nimegeuka kulipa teksi, kugeuka tena kiti cha magurudumu cha Mama hakipo. Rukia anakisukuma mbele ya kamera. Mama kashika begi lake, anauliza mbona hatuingii ndani.

Nimempokonya kiti. Mbele za watu. Sijali.

Linda, meneja, kila Jumapili humsalimia Mama kwa jina. Leo kapita kama hatuoni. Wanjiru kamtembeza Mama mara nne tu, kakasirika na mabango yale. Yule msichana juu ya kiti chake alikuwa analia, anajifuta kwa mkono wa fulana. Hakuna aliyemwendea. Nami sikumwendea.

Jumatano, 15 Machi

Gazetini uso wa Mama, mkubwa hivi. Chini yake maneno ya Rukia.

Na majibu yamekuja upesi. Kioo cha bwawa kimeandikwa matusi kwa rangi nyekundu, turudi kwetu. Wanaume fulani wanasema nao watakuja Jumapili kulinda bwawa lao. Na kuna mmoja katika sisi, sijui nani, kamtukana yule msichana ndani ya basi. Msichana kaacha kazi. Hangoji tena mwisho wa mwezi. Jumapili hii bwawa halifunguliwi kwetu.

Rukia anasema: mmeona? Si nilisema wanatuchukia?

Kazini, ghalani Washwood Heath, nimefunga maboksi leo kwa nguvu mpaka msimamizi kaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu.

Alhamisi, 16 Machi

Leo kidogo nimepumua. Mwanaasha, binti wa chuo, anaogelea kama samaki, kasema yeye atajifunza ulinzi. Kaniambia mwenyewe, kwa haya. Nimempigia Wanjiru, tukapiga vigelegele kwenye simu kama wendawazimu. Mama kauliza nani kaolewa.

Ijumaa, 17 Machi

Mwanaasha kajitoa.

Rukia kaenda kwao. Kakaa sebuleni, kanywa chai ya mama yake, kasema mwenye kukalia kiti kile katuuza sote. Mama mtu kaogopa. Nani atakuja kwenye harusi ya binti yake, nani atakuja wakifiwa? Mwanaasha kanambia samahani. Mimi namwombea Rukia meno yamuume mwezi mzima.

Jumamosi, 18 Machi

Tumegombana na mume wangu Hemedi. Hatujagombana hivi miaka. Nimesema nitasimama Jumanne kwenye mkutano wa bwawa ulioitishwa na halmashauri ya mji, nimseme dada yake mbele ya diwani. Kasema nikifanya hivyo nisahau kwenda kwao. Nimsute nyumbani, nimsute mbele ya wanawake wenzangu nikitaka, lakini si mbele ya Wazungu. Usitutie aibu. Kalisema hilo mara tatu, kisha kachukua koti akaenda Tyseley kusafisha treni zake, zamu haijafika.

Jumanne, 21 Machi

Mkutano. Diwani ni mzee wa Kizungu mwenye mafua. Linda kakaa pembeni yake, kachoka usoni. Ukumbi umejaa mpaka ngazini. Rukia na baibui jipya.

Kazungumza kwa Kiingereza na kwa Kiswahili na maneno hayakuwa mamoja. Kwa Kiingereza: haki, usawa, jamii yetu. Kwa Kiswahili: hawa wakikuona unazama watakusukuma chini. Watu wanapiga kelele, na diwani anaitikia kwa kichwa kwa adabu, hajui kinachosemwa.

Wanjiru akasimama. Kamuuliza Linda swali moja tu. Mwanamke akipatikana leo, saa inabaki? Linda kasema ndiyo, hata leo. Wanjiru akatugeukia. "Sasa nyinyi mnataka nini haswa? Mnataka maji ama mnataka vita?" Wakamzomea. Rukia kasubiri wazomee vizuri, kisha kasema kwa Kiswahili: huyu Jumapili yake ni ya kanisani, nani kamtuma kutusemea? Hatumjui.

Hatumjui. Mtu ambaye mikono yake imembeba mama yangu majini mwaka mzima.

Diwani kapenga kamasi. Kauliza: kuna mwenye maoni tofauti? Akangoja. Alingoja kweli, sitamsingizia. Mwanaasha, safu mbili mbele yangu, kainamisha kichwa. Wanjiru kaniangalia. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi ndani ya basi. Nikamfikiria Hemedi. Tumelelewa hivyo, mbele ya mgeni humpingi mkubwa wako. Sikunyanyuka kitini.

Diwani akaandika kitu. Wanjiru akachukua koti lake akatoka.

Alhamisi, 23 Machi

Wanjiru kanipigia wakati wa mapumziko. Imekwisha. Kaunsili, hiyo halmashauri, wanasema jamii nzima iko na mwenyekiti wake, waliuliza na hakuna aliyesema vingine, na hawataki fujo mlangoni. Saa yetu wamewapa watoto wa kilabu cha mbio za kuogelea. "Sina lawama na wewe, Mama Nasra." Sauti ilisema vingine. Ningekuwa yeye ningenitukana.

Nimekwenda kwa Rukia moja kwa moja na viatu vya ghalani. Nimekuta wenzake wa chamani, halua na kahawa. Wanasherehekea! Ati kaunsili wametikisika, ati gazeti lote linatuzungumza. Nimemwambia mbele yao wote: ulijua. Ulijua tangu siku ya tatu, msichana anaolewa, basi, na ukamzuia Mwanaasha. Wanawake wakaangalia vikombe vyao.

Hakukana. Kanivuta jikoni. Kasema miaka kumi na tano anaomba kwa upole katika mji huu. Kaandika, kangoja kwenye mabenchi, katabasamu mpaka mashavu yamemuuma, na hakuna aliyewahi kulijua jina lake. Sasa wanalijua. Macho yalimlowa, na hayakuwa yale machozi ya ukumbini. Kwa dakika moja karibu nimwonee huruma.

Nikamuuliza, na Mama? Kasema, tutampigania. Nikamwambia Mama hataki kupiganiwa, anataka kutembea. Nikatoka. Mlango nimeubamiza mpaka picha imeanguka. Nimeisikia ikivunjika na nimefurahi.

Jumapili, 26 Machi

Nimemwambia Mama saa yetu ya bwawani haipo tena. Kasema, haya. 

Jumapili, 2 Aprili

Mvua ndogo. Hemedi kalala.

Mama kaamka mapema vilevile. Begi la taulo mapajani. Anajua kwamba hakuna bwawa, akili yake nzima kuliko yangu. Kakaa nalo tu.

Nimemshusha jikoni. Nikatoa beseni kubwa la kuoshea mchele wa shughuli, nikatia maji ya vuguvugu, nikamtia miguu. Yanafika kwenye vifundo. Nikapiga magoti. Kushoto. Haukunyanyuka, nikaunyanyua kwa mkono. Sasa kulia. Kushoto. Kulia. Maji yakamwagika sakafuni, nikayaacha.

Tukienda hivyo nikamhadithia mkutano, wote, kwa mara ya kwanza. Rukia kasema nini. Wanjiru kasema nini, na walivyomzomea. Diwani na mafua yake, alivyouliza kama kuna mwenye maoni tofauti, na alivyongoja. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mkono begani kwangu.

"Na wewe, mwanangu, ukasema nini?"

Maji yalikuwa yamepoa. Nimekwenda kuchemsha mengine.